"Mama, ushapiga?": Blogu imemeza starehe zangu zote, nifanyeje?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tabata. Nina blogu ya mapishi ya pwani, huu ni mwaka wa nne, na kila wiki napandisha makala tatu. Nilipoanza nilikuwa na mambo yangu mengine. Nilikuwa nadarizi kofia, kazi niliyofundishwa na bibi, na Jumamosi tulikuwa tunakwenda Coco Beach na wadogo zangu. Sasa sidarizi, baharini siendi, na hata nikikaa tu kupumzika naona kama naiba muda wa blogu. Idi iliyopita nimepakua pilau, mwanangu wa miaka 6 akaitazama sahani, hakuigusa, akaniuliza, "Mama, ushapiga?" Roho iliniuma sana. Blogu naipenda. Nitapataje muda wa mambo mengine na wa kupumzika? Au niiache tu?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye sahani ile ya pilau. Mtoto wa miaka 6, siku ya Idi, njaa anayo, harufu ya bizari imemjaa puani, na bado anajua kwamba chakula hakiliwi mpaka kipigwe picha. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno, kajifunza kwa kukuangalia. Sikuambii haya ili ujilaumu. Nataka tuanzie hapo kwa sababu jibu lako liko hapo hapo.

Nimehariri makala za familia kwa miaka mingi, na tangu watu waanze kublogu hapa mjini nimekuwa nikiwafundisha wanaoanza. Swali la muda naulizwa karibu kila mwezi, na wengi wanachotaka ni ratiba. Ratiba nitakupa, lakini baadaye. Barua yako hainionyeshi mtu aliyekosa saa. Inanionyesha mtu ambaye kila saa yake imeshapewa kazi na blogu. Ukienda sokoni unatafuta nazi inayopendeza kwenye picha. Wageni wakija, unawaza mezani uweke kitambaa gani. Hata ukipewa siku yenye saa 30, hizo sita za ziada zitakwenda hukohuko.

Kuna jaribio moja ninalowasimulia wanafunzi wangu wote. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha kazi waliyoifanya kwenye shule ya chekechea iliyo Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliokuwa wanapenda wenyewe kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi wakaambiwa kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Wengine hawakuahidiwa kitu. Baadaye kalamu zikawekwa tena mezani, cheti hakuna, kila mtoto na hiari yake. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliochora wenzao. Kalamu zilikuwa zilezile na watoto walewale, ila kuchora kulikuwa kumeshageuka kitu cha kufanyia malipo.

Sasa urudie barua yako. Kupika kulikuwa kwako. Kisha kukaja cheti: idadi ya waliosoma, maoni, mtu wa Tanga kukuandikia kwamba kaimati zimemtoka vizuri. Hayo ni mema na unastahili kuyafurahia. Lakini kupika hakukubaki kulivyokuwa, na kila ulichokuwa nacho pembeni kikaanza kupimwa kwa kipimo hichohicho: kitanipa makala au hakinipi? Kofia haikukupa makala, ikaenda kabatini. Bahari nayo vivyo hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousimamia kuliko yote yatakayofuata, ni huu: chagua jambo moja ambalo hutaliandika kamwe. Hutalipiga picha, hutaliweka kwenye hali ya WhatsApp, wala hutawaambia wasomaji kwamba unalo. Watakuja watu wenye nia njema watakaokwambia, "Dada, kofia nzuri hivi, mbona hufungui ukurasa wake? Watu wananunua hizi." Washukuru, halafu usifungue. Siku utakayofungua ukurasa wa kofia utakuwa na kazi ya tatu, na utanitumia barua nyingine inayofanana na hii.

Una mambo mawili ya kurudia, kofia na bahari. Ningekuwa wewe ningeanza na bahari.

Sababu yake ni kwamba kofia inakusubiri. Inakaa kwenye mfuko wake mwezi mzima bila kulalamika, na kitu kinachosubiri ndicho tunachokisogeza mbele kila siku. Bahari haikungoji. Unajua mwenyewe pale Coco, maji yakitoka unabaki na miamba na vidimbwi, ukitaka kuogelea utaogelea magoti. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3, na maji yanajaa mida ya alasiri, wakati mzuri kabisa kwa mtu anayetoka Tabata na watoto baada ya kazi za nyumbani. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, kujaa kunaangukia asubuhi. Ukitaka kuogelea, basi, lazima uangalie mwezi, upange Jumamosi yako kwa saa ya bahari, na saa hiyo ikifika uondoke hata kama makala imebaki aya mbili. Hobi yenye saa yake yenyewe ndiyo inayofaa kwa mtu aliyezama kama wewe. Kwa mwingine itakuwa kwaya yenye mazoezi Jumatano, au zile klabu za jogging za Temeke na Mbagala ambako asubuhi ya Jumapili wenzako wanakupigia simu usipotokea. Mradi kuwe na kitu au watu wasiokubali kuahirishwa.

Nenda na wadogo zako kama zamani. Simu iache nyumbani, au mpe mmoja wao aiweke kwenye mkoba, nauli mkononi, basi. Mkimaliza kuogelea kaleni mihogo ya kukaanga na kachumbari. Najua mkono utakuwasha ukiiona ile pilipili juu ya muhogo na mwanga wa jioni. Kula tu.

Kofia irudishe baadaye kidogo, kwa ajili ya usiku. Kudarizi kuna faida ambayo bibi yako hakuwa na haja ya kuijua. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kazi yote ni vitundu: unatoboa, unazungushia uzi mpaka ukingo ukaze, unasogea kwenye kingine. Mkono mmoja umeshika kitambaa, wa pili sindano, macho yako hapo hapo. Simu haina pa kushikwa. Na kofia moja inaweza kukuchukua miezi, hakuna anayetegemea uimalize Alhamisi. Weka kikapu chake pale unapokaa baada ya chakula cha usiku, kionekane, chaja ya simu iwe chumba kingine. Usijipangie vitundu vingapi kwa siku. Ukitia vitatu ukasinzia, umefanya sawa.

Mwaka 2007 watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitengeneza kipimo cha namna watu wanavyojirudishia nguvu baada ya kazi, wakayaweka mambo manne: akili kuiacha kazi kweli, mwili na moyo kutulia, kupata ujuzi katika jambo lililo nje ya kazi, na kujiamulia mwenyewe muda wako unautumiaje. Ukiyaangalia hayo manne utaona kwa nini kulala kitandani na simu huku unapitia blogu za wenzako hakukupumzishi, ingawa mwili umelala. Akili haijaiacha kazi hata dakika moja. Bahari inakupa mawili ya mwanzo, kofia inakupa la tatu. La nne ni gumu kwako, kwa sababu umeandika kwamba ukikaa unaona "unaiba". Mwanangu, wewe unatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, una darasa la watoto wanaokutegemea, kisha una jiko na mtoto wako. Saa ya kukaa kibarazani na kikombe cha chai, bila kufanya lolote, ni yako. Hukuikopa kwa msomaji.

Sasa blogu yenyewe.

Kwanza ujue muda wako unakwenda wapi. Miaka ile nilipokuwa na blogu yangu ya bustani na maua, niliweka daftari kwa wiki nzima, kila nilipoigusa blogu nikaandika nimeanza lini na nimemaliza lini. Kuandika na kusahihisha kulinichukua muda wa saa 6. Kujibu maoni, kutazama takwimu za wasomaji na kupitia wenzangu wameweka nini kulinichukua saa 11. Nililia siku ile, nakwambia ukweli, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwambia dada yangu sina nafasi ya kwenda kumwona hospitali mpaka Jumapili. Fanya daftari hilo wiki moja tu. Ukishaona yako, takwimu zitazame mara moja kwa wiki, siku unayoichagua wewe, na maoni yajibu kwa mkupuo mmoja siku hiyohiyo. Mtu aliyeuliza kama tui jepesi linaingia kabla ya tui zito hatakufa kwa kusubiri siku tatu.

Pili, makala tatu kwa wiki ni nyingi kwa blogu ya mapishi. Naona mazoea haya tuliyatoa kwenye blogu za habari na picha. Ile ya mpiga picha Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005, ilitufundisha wengi wetu blogu ni nini, na habari kwa kweli ni kitu cha kila siku: picha ya leo kesho imepoa. Mapishi hayapoi hivyo. Mtu hatafuti mkate wa kumimina kwa sababu umeuandika jana, anautafuta kwa sababu ana mchele ameuloweka. Makala yako nzuri ya miaka miwili iliyopita inafanya kazi usiku na mchana wewe umelala. Andika moja kwa wiki, au hata mbili kwa mwezi, na muda uliobaki rudia zile za zamani uzisahihishe vipimo.

Halafu blogu ya mapishi ya pwani ina misimu, na misimu inajulikana. Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo unaweza kukaa na kalenda ukajua mwakani watu wataanza lini kutafuta futari, magimbi ya nazi, tambi, kaimati. Andika hayo miezi miwili kabla, wakati huna haraka. Blogger na WordPress zote zinakuruhusu kuweka tarehe na saa, makala ikajitokeza yenyewe. Ukiwa na akiba ya makala sita, Ramadhani itakukuta umetulia, utafuturu na watu wako badala ya kufuturu na kamera. Hii akiba usiiguse kwa sababu ya wiki yenye hamu ya kuandika. Iguse mtoto akiugua, mitihani ikikaribia, umeme ukikatika siku mbili.

Tatu, tenganisha sahani ya picha na sahani ya kula. Chagua siku moja, tuseme Jumapili asubuhi mara mbili kwa mwezi, ndiyo siku ya jiko la blogu. Siku hiyo pika mapishi mawili, piga picha zako zote karibu na dirisha, andika vipimo hapo hapo kabla hujasahau, maliza. Kwa upande wa picha pia utafaidika. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, nawe unafika nyumbani saa 11, kwa hiyo chakula chako cha usiku unakipiga chini ya taa, mchuzi unatoka wa njano na wali unatoka wa kijivu. Mwanga wa asubuhi unakupa rangi ya kweli ya bizari bila kuhangaika.

Siku nyingine zote chakula kinapakuliwa na kuliwa kikiwa moto. Na Idi, harusi, hitma, mgeni aliyekuja kukuona, hizo usizipige kabisa, hata kama sinia limependeza namna gani. Mwite mwanao umwambie kwa maneno mepesi: siku ya picha ni Jumapili, siku nyingine ukiona sahani mbele yako, sema bismillahi ule. Atakuuliza tena mara mbili tatu, mtoto haamini haraka. Wiki ya tatu au ya nne utamwona anakula bila kukutazama usoni kwanza.

Kuna jambo dogo la kuzuia makala isikufuate mpaka baharini. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi katikati akaenda kwenye nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni daftari. Kabla hujafunga kompyuta, andika kwa mkono mstari mmoja: nimeishia wapi, nikirudi naanza na nini, siku gani. "Aya ya tui bado, Jumapili saa 3 asubuhi." Funga daftari, toka. Kichwa kikishajua kwamba jambo lina mahali na siku yake, kinalegea.

Najua yako mambo ya pesa pia. Wapo wenzako waliokata leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, baada ya kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilipoanza na ada ya shilingi 100,000 ya maombi na shilingi 1,000,000 ya leseni, wakaanza kuandika usiku na mchana ili fedha irudi. Kama nawe una gharama unayoifukuzia, iandike pembeni, na upande wa pili uandike blogu imekuingizia nini kwa miezi 12. Ukiona makala ya tatu ya kila wiki haijaongeza hata shilingi, umepata sababu nyingine ya kuiacha. Ukiona inaingiza kweli, basi ni kazi, ipe saa za kazi na mwisho wa kazi, na usiiite tena starehe, kwa sababu hapo utakuwa huna starehe hata moja na hujui.

Umeniuliza kama uiache. Usiamue sasa. Ukiacha ukiwa umechoka hivi, baada ya mwezi utairudia kwa majuto na kwa kasi ileile. Jaribu niliyokuandikia kwa miezi miwili, zipite bamvua nne hivi. Wasomaji waambie mapema kwa sentensi moja tu: kuanzia mwezi huu makala zitatoka Jumatano moja moja. Usijieleze sana, wala usiwaombe radhi.

Baada ya hapo, kama bado ukifungua ukurasa wa kuandika moyo unakuwa mzito, iache bila kuifuta. Kwanza pakua nakala ya makala zako zote, Blogger na WordPress zote zina sehemu ya kufanya hivyo, faili lake uliweke mahali pawili. Mapishi ya bibi yako yamo humo. Yale ambayo hujayaandika vizuri popote pengine, yanakili kwa mkono kwenye daftari la jikoni, na vipimo vyake vya vikombe na konzi kama alivyokuwa akivisema yeye.